Jinsi ya kujua kama kabila ndo linaamua kijana anaangalia nini, bila kujidanganya

Kuna maswali mawili ambayo karibu kila mtu anayetaka kuchunguza vijana na media huwa anakimbilia kuyaandika: wewe ni kabila gani, na unapenda kuangalia nini. Alafu anachora jedwali, makabila upande huu, vipindi upande ule, anahesabu, anaandika ripoti kwamba vijana wa kundi fulani wanapenda kitu fulani, imeisha. Kiukweli hapo hujajua kitu, manake hujui kama yule kijana anasikiliza ile redio kwa sababu ya kabila lake au kwa sababu redio ni ya babu na babu habadilishi stesheni, hujui kama zile video alizitafuta mwenyewe au TikTok ndo ilimletea, na hujui kama lile jibu alikupa kwa sababu ni kweli au kwa sababu jina lako limemwambia wewe ni wa wapi.

So kama wewe ni mwanafunzi una utafiti wa kumalizia chuo, au ni mwalimu, au unaendesha kipindi cha vijana na unataka kuelewa wasikilizaji wako wanakufuata kwa nini, hii hapa chini ni namna ambayo mi naona inafanya kazi. Haitaki programu ya kompyuta ya ajabu. Inataka daftari, vijana 30 au 40 waliokubali wenyewe, na uvumilivu wa kama mwezi hivi.

Pima uzito wa kabila, usiishie kwenye jina lake

Kabila ambalo mtu kazaliwa nalo na jinsi hilo kabila linavyomkaa kichwani ni vitu viwili, na ukivichanganya kazi yote iliyobaki inaharibika. Vijana wawili wa kabila moja, hata wa tumbo moja, mmoja analo kwenye jina la akaunti, analo kwenye stetasi, mtu akiligusa kwenye komenti anawaka, mwingine ukimuuliza anakuangalia kama umemuuliza saizi ya kiatu. Huyu wa pili anachotazama kinaamuliwa na vitu vingine kabisa, mpira, dini, marafiki, mtu anayempenda, chochote kile.

Aliyelichimba hili sana upande wa vijana ni mwanasaikolojia Jean Phinney wa Marekani. Kwa maelezo yake kijana huanza akiwa hajalifikiria kabisa suala la kabila lake, amebeba tu aliyoyasikia nyumbani, alafu kinakuja kipindi cha kutafuta, anauliza, anasoma, anachokonoa, na baadaye anatulia, anajua yeye ni nani na wala haimsumbui tena. Mwaka 1992 akatoa kipimo chake cha maswali, na mwaka 2007 yeye na Anthony Ong wakakipunguza mpaka maswali 6 tu, matatu yanapima kule kutafuta na matatu yanapima jinsi mtu anavyojiona ni wa kundi lake. Maswali 6 yanaingia kwenye nusu ukurasa, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kusema hana nafasi.

Unaweza kuandika ya kwako kwa lugha wanayoongea vijana wako, kitu kama "nishawahi kukaa chini nitafute historia ya watu wa kwetu" au "mtu akisema vibaya kabila langu naona kanisema mimi", alafu wanajibu kwa namba, 1 ni hapana kabisa mpaka 5 ni kweli kabisa. Ila ukishaandika ya kwako usidai kwamba umetumia kipimo cha Phinney, sema wazi ulichukua wazo lake ukaandika mwenyewe.

Kwa nini hizi hatua ni muhimu kwenye media? Aliyeko kwenye kutafuta ndo wa kumwangalia kwa makini, yeye ndo unamkuta usiku wa manane kwenye video za historia za watu wake, anarudia nyimbo za zamani ambazo hata wazazi wake walishaziacha, anajiunga na grupu za watu wa kwao ambao hajawahi hata kuonana nao. Aliyetulia anaweza kuwa anaangalia kila kitu cha kila mtu, hana wasiwasi wa kupotea. Ukipima kabila peke yake hawa wawili wanaingia kisanduku kimoja na wastani wao unakuwa hauna maana yoyote.

Alafu uzito wenyewe haukai sehemu moja. Mwaka 1978 William McGuire na wenzake walitoa utafiti waliofanya kwenye shule zenye wazungu wengi huko Marekani, walichowaambia wanafunzi ni jielezeni tu. Wazungu waliotaja asili yao walikuwa asilimia 1, weusi waliotaja walikuwa 17 na wenye asili ya Amerika ya Kilatini 14. Yaani ukiwa mmoja katikati ya wengi, unajiona. Na kuna ule wa Daniel Posner wa mwaka 2004 ambao mi huwa naupenda zaidi, aliwachukua Wachewa na Watumbuka, makabila yaleyale yaliyokatwa katikati na mpaka wa Zambia na Malawi, akakuta upande wa Zambia wanaonana kama washirika na upande wa Malawi kama wapinzani. Utamaduni haukubadilika pale mpakani, kilichobadilika ni siasa na ukubwa wa kila kundi ndani ya nchi.

Kwa hiyo kwenye kila fomu andika pembeni, huyu kijana shuleni au mtaani kwake ni wa walio wengi au wa wachache? Na andika tarehe, usidharau tarehe. Benn Eifert, Edward Miguel na huyohuyo Posner walitoa kazi mwaka 2010 kutoka nchi 10 za Afrika, wakaona kila mwezi mmoja unaosogea karibu na uchaguzi wa rais wenye ushindani, uwezekano wa mtu kujitambulisha kwa kabila unapanda kwa pointi 1.8 hivi za asilimia. Miezi kumi unahesabu mwenyewe. Sasa mtu akikusanya nusu ya madodoso kabla ya kampeni na nusu katikati ya kampeni, atapata tofauti kubwa na ataandika sura nzima kuieleza wakati alichopima ni kalenda.

Kabla hujasema amechagua, angalia alikuwa na nini cha kuchagua

Hii sehemu watu wanairuka sana. Kijana hawezi kuchagua redio ya lugha ya kwao kama haipo. Kenya redio za lugha za makabila zimejaa, Kameme FM ilianza mwaka 2000 na nyingine zikafuata, wakati Tanzania kanuni za utangazaji zimebeba Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo ukilinganisha kijana wa Nairobi na wa Dar es Salaam ukasema huyu wa Dar hajali kabila lake kwa sababu hasikilizi redio ya kabila, umemuonea. Wales walipata televisheni yao ya lugha ya Kiwelisi, S4C, mwaka 1982, na haikuja kirahisi, mwanasiasa Gwynfor Evans alikuwa ametangaza mwaka 1980 kwamba atafunga kula mpaka afe kama serikali ya Uingereza haitatimiza ahadi yake ya kuwapa hiyo televisheni, serikali ikakubali. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wakapata yao mwaka 2004. Kabla ya hiyo miaka ungewauliza vijana wa huko wanatazama nini kwa lugha yao kila siku ungepata majibu membamba sana, na kosa lisingekuwa la vijana.

Cha kufanya: kabla ya kuonana na kijana yeyote, kaa siku moja uandike orodha ya vyote vinavyopatikana pale walipo kwa lugha au kuhusu kila kundi unalolichunguza. Redio, vituo vya TV, kurasa zenye watu, chaneli za YouTube, wasanii, na saa wanazorusha, manake kipindi kizuri cha saa nne asubuhi siku ya shule ni sawa na hakipo. Alafu andika nani anamiliki kifaa. Simu ni yake au ya kuazima? Bando ananunua nani? TV rimoti iko kwa nani jioni? Mwenye simu ya kuazima dakika ishirini kwa siku hana "machaguo ya media" kama unavyoyafikiria, anachukua cha haraka arudishe simu ya watu.

Na lugha uiulize peke yake, tena mara tatu: anaelewa, anaongea, anasoma? Vijana wengi waliokulia mjini wanaelewa kidogo, hawaongei, kusoma ndo kabisa. Unaweza kumkuta mtu ana 5 kila mahali kwenye maswali ya uzito lakini taarifa ya habari ya lugha ya kwao haielewi, huyo utambulisho wake unatokea kwenye muziki, kwenye wachekeshaji wanaochanganya lugha, kwenye picha na kurasa za kujivunia. Ukimtafuta kwenye redio humpati, ukahitimisha kabila halimgusi, wakati linamgusa kuliko wote.

Daftari la siku saba

Usimuulize mtu "kwa wiki unatumia masaa mangapi mtandaoni". Hajui. Mwaka 2021 Douglas Parry na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha kile watu wanachosema na kile vifaa vyao vilichorekodi, na uhusiano ulikuwa wa wastani tu, tena watu wachache sana ndo walikuwa wanapatia. Kwa hiyo daftari.

Wape daftari dogo au grupu la WhatsApp la mtu mmoja mmoja na wewe, mara mbili kwa siku, mchana na kabla ya kulala, siku saba ili wikiendi iingie. Wanaandika nini nilitazama au kusikiliza, lugha gani, nilikuwa na nani, na herufi moja ya jinsi kilivyonifikia. Hiyo herufi ndo moyo wa kazi nzima: T nimetafuta mwenyewe, L nimeletewa na programu yenyewe, N nimetumiwa na mtu, P kilikuwa kimewashwa pale nilipo. Basi, usiwaongezee safu nyingine hata kama msimamizi wako anapenda safu nyingi, siku ya tatu wataanza kutunga.

Kwa wenye simu zao, waombe pia skrinishoti ya ule ukurasa wa simu unaoonyesha muda wa kila programu, mwisho wa wiki. Huo hautakwambia walitazama nini ndani ya programu ila utakusaidia kujua nani daftari lake linafanana na ukweli.

Sasa hapa kuna kitu kidogo chenye madhara makubwa. Yale maswali ya uzito wa kabila yaje mwisho, baada ya daftari kurudi. Ukianza nayo, wiki nzima kijana anaandika akijua unatafuta kabila, na atakupa kabila, anaweza hata kuwasha redio ambayo hajaisikiliza tangu mwaka jana ili aonekane mzalendo kwako. Mwanzoni mwambie ukweli wa jumla, kwamba unachunguza vijana na utambulisho wao kwenye media, usimdanganye, ila usimkalie kichwani na kabila.

Hiyo L inataka uangalizi. Programu inasoma ulichokaa nacho muda mrefu, inakuletea kinachofanana. Kijana akigusa klipu tatu za wimbo wa kwao basi kesho ana kumi, na mwisho wa wiki daftari lake linaonekana kama la mtu aliyezama kwenye kabila wakati yeye alitafuta mara moja tu. Haimaanishi uzitupe L zote. Muulize kwenye mahojiano: uliiacha ikaisha au uliipitisha? Uliishea? Kushea ni uamuzi, mtu anaweka jina lake pale.

Uliza anachokwepa

Kama una muda wa kufanya sehemu moja tu vizuri, fanya hii.

Henri Tajfel alifanya majaribio Bristol, Uingereza, yakatoka mwaka 1970 na 1971, na vijana wa shule wa miaka 14 na 15. Akawagawa kwenye makundi kwa vitu vya kijinga kabisa, kama vile nani kapenda michoro ya mchoraji Klee na nani ya mchoraji Kandinsky, hawakujuana nani yuko wapi, hawakuwa na faida yoyote binafsi, lakini walipopewa kugawa pointi wakapendelea watu wa kundi lao. Kutokana na hayo yeye na John Turner wakaja mwaka 1979 na nadharia yao kwamba sehemu ya heshima ya mtu anaipata kwenye kundi lake. Watu wa media wakalichukua hilo wazo. Jake Harwood mwishoni mwa miaka ya 1990 aliliangalia kwa umri, vijana na kupenda kutazama vijana wenzao, na mwaka 2007 Jessica Abrams na Howard Giles wakalipeleka kwa Wamarekani weusi na televisheni, na kilichonivutia pale ni kwamba walipima vyote viwili, kuchagua na kukwepa.

Manake ukifikiria, kama kundi lako linaonyeshwa vibaya kila ukiwasha TV, jibu lako la kwanza ni kuzima. Huko kuzima hakuonekani kwenye orodha ya "vipindi ninavyopenda". Hakuandikwi popote. Ni mpaka uulize.

Uliza hivi: kuna kipindi au ukurasa uliwahi kuuacha kwa sababu ya wanavyowaongelea watu wa kwenu? Kuna kitu unakitazama ukiwa peke yako tu? Kuna kitu unakizima mtu fulani akiingia? Kuna grupu umelinyamazisha, lini, ilianza na nini? Kuna mchekeshaji wote wanacheka wewe huchekagi? Hilo la mwisho linafungua midomo kuliko yote, kwa sababu nusu ya vichekesho ni lafudhi za watu, na mwenye hiyo lafudhi anajua vizuri sana anachekwa yeye.

Ukisikiliza majibu utaanza kuona kukwepa kuko kwa aina. Kuna anayekimbia dharau, huyo ni wazi. Kuna anayekimbia aibu, yaani kipindi ni cha watu wake mwenyewe, anakielewa, moyoni anakipenda, ila wenzake wanakiona cha kishamba, so anakisikiliza kwa hedifoni, na ukimuuliza mbele ya watu anakataa katakata. Kuna anayekimbia ugomvi, ana marafiki wa makabila mengine na grupu la ukoo limejaa matusi ya siasa, haliachi kwa sababu shangazi ataona katoka, analinyamazisha tu. Kuna na anayekwepa mategemeo ya watu, amechoka kuambiwa lazima apende muziki fulani kwa sababu ni wa kwao. Hawa wote kwenye jedwali la kawaida ni sifuri, hakutazama, lakini kabila limefanya kazi kubwa kwa kila mmoja, tena kwa njia tofauti, na wengine kati yao wanakwepa media za kabila lao wenyewe.

Jiandae pia na wale watakaokwambia kwa upole kabisa, mi kabila wala halinihusu, naangalia chochote. Usibishane nao ila usiandike hivyohivyo ukaenda. Mwaka 2008 Silvia Knobloch-Westerwick, Osei Appiah na Scott Alter walitoa utafiti waliowapa watu habari za kusoma mtandaoni, kompyuta ikawa inarekodi wanafungua nini. Weusi walielekea zaidi kwenye habari zenye watu weusi, wazungu hawakuonyesha kupendelea upande wowote. Tafsiri rahisi ni kwamba wazungu hawana ubaguzi kwenye kusoma, lakini mi naona kuna kitu kingine pale, ukiwa wa walio wengi kila kitu kwenye skrini tayari ni chako, huna haja ya kujitafuta. Kwa hiyo kijana wa kundi kubwa anayesema "naangalia chochote" muombe akutajie vitano alivyotazama jana, alafu mhesabu pamoja waigizaji, waimbaji na watangazaji ni wa wapi. Muache aone mwenyewe, wewe kaa kimya uandike.

Nani anauliza, na mnakaa wapi

Claire Adida, Karen Ferree, Daniel Posner na Amanda Robinson walichambua data za Afrobarometer, zile tafiti za maoni ya wananchi zinazofanywa nchi nyingi za Afrika, wakatoa kazi mwaka 2016, wakaonyesha watu wanabadilisha majibu kutegemea kama anayewauliza ni wa kabila lao au hapana, hasa maswali yenye harufu ya kabila. Wewe mwenyewe unajua, mtu akisikia jina lako la ukoo tu ameshapanga sentensi.

Dawa kamili haipo. Cha kupunguza makali ni maswali ya uzito wajaze wenyewe kwa karatasi au simu bila wewe kuchungulia, mahojiano mgawane watu wawili wa makabila tofauti, na kwenye kila fomu uandike nani alihoji, ili baadaye ulinganishe. Ukikuta vijana wa mhojaji A wote ni wazalendo na wa mhojaji B wote ni raia wa dunia, umeshajua tatizo liko wapi.

Mazungumzo ya kikundi fanya mara mbili kama unaweza, kundi la kabila moja na kundi mchanganyiko, klipu zilezile. Tofauti ya vicheko kati ya hivyo vyumba viwili ni data, rekodi wapi walicheka na wapi walinyamaza. Na mtazame pamoja, usiwaulize kwa kumbukumbu. Marie Gillespie alifanya hivi Southall, magharibi mwa London, kwa vijana wa familia za Kipunjabi, kitabu kikatoka mwaka 1995. Alikuwa amefundisha shule za kulekule, akakaa nao sana, na moja ya vitu alivyoona ni kwamba tamthilia ya Australia, ya wazungu watupu, ndo waliyokuwa wanaitumia kuongelea familia zao wenyewe, umbea wa majirani, heshima ya familia, wazazi wanavyowabana. Yaani kwa nje unaona kijana kaacha vya kwao anatazama vya wazungu. Kwa ndani anatazama kwao. Hivyo swali zuri kwenye kikao ni "nani hapa anafanana na mtu wa kwenu, na kwa nini", liulize hata kwenye vitu ambavyo havina uhusiano wowote na kabila lao, hasa hivyo.

Ukishakusanya

Kishawishi kitakuwa kulinganisha kabila na kabila. Anza kinyume, linganisha ndani ya kabila moja. Tuseme una 40, 20 wa kundi moja. Hao 20 wapange kwa uzito, wenye alama za juu na wenye za chini, alafu angalia zile T zao tu. Kama wenye uzito wa juu wanatafuta sana vya kwao na wa chini hawatafuti, umepata kitu. Kama wote wanafanana, basi kinachowaunganisha huenda ni lugha, mtaa, au redio ya babu. Baada ya hapo toa wasioelewa lugha uangalie tena. Alafu toa wa simu za kuazima, angalia tena. Kila ukitoa kundi, namba zinakuwa ndogo, kwa hiyo usiandike asilimia kwa watu 6, andika "wanne kati ya sita", inatosha na haimdanganyi mtu.

Mwelekeo nao ni mtego. Jeffrey Arnett aliandika mwaka 1995 kuhusu vijana wanavyotumia media kujilea wenyewe, utambulisho ukiwa mojawapo ya matumizi. Sasa yule mwenye alama za juu, je uzito ulimpeleka kwenye zile video, au zile video ndo zilimpa uzito? Kwa wiki moja ya daftari huwezi kujua. Unachoweza ni kumuuliza historia: wimbo wa kwanza wa kwenu uliouweka kwenye simu mwenyewe, ulikuwa na miaka mingapi, ulitokea wapi? Wengine watakutajia msiba, wengine kuhama shule, wengine dharau ya mtu mmoja darasani, na wengine klipu tu iliyopita wakaipenda. Weka hizo hadithi pembeni ya namba zao, usiziyeyushe ndani ya wastani.

Kuhusu usalama wa hawa vijana, nasema kwa ufupi ila ni lazima. Walio chini ya miaka 18 mzazi au mlezi akubali kwa maandishi na kijana mwenyewe akubali pia, na akitaka kujitoa siku ya nne anajitoa bila maelezo. Skrinishoti zisiwe na meseji za watu wengine. Kama kwenye kundi lako kuna mtu mmoja tu wa kabila fulani, usitaje hilo kabila kwenye ripoti, andika "mmoja wa kundi dogo", manake darasa zima litajua ni nani. Matusi waliyokuonyesha kwenye magrupu yao usiyanukuu neno kwa neno, mtu akiyaweka kwenye kisanduku cha kutafutia anafika mpaka kwa mwenyewe. Na ile karatasi inayounganisha majina na namba za fomu ikae mbali na fomu zenyewe, uichome ukishamaliza kuhakiki, kabla hujamtumia mtu yeyote ripoti.